Mahari ya Chemchemi

Mwaka wa 1969, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alilala mzima na asubuhi akawa maiti. Shule yangu ilizikwa naye. Nilikuwa darasa la tatu. Sisemi haya ili nihurumiwe, maana huruma hainunui chumvi. Nasema ili ujue kwamba anayekusimulia alijifunza kusoma kwenye magunia ya mbolea na vibao vya maduka ya Mumias. Hizi R na L unazoona zimekaa sawasawa zimepangwa na mwalimu mstaafu niliyemlipa jogoo. Zangu mimi hutembeleana bila kubisha hodi, na huko kutembeleana ndiko kulikoleta habari hii yote.

Nilianza kwa kufyatua matofali. Tofali linataka udongo, linataka kuni, na kabla ya yote linataka maji. Maji yalikuwa bure, chini ya boma letu, kwenye chemchemi iliyotoka katikati ya mawe mawili ikiwa nene kama mkono wa mwanamume. Haikuniuliza cheti. Baadaye nikakata miwa ya watu, kisha nikanunua baiskeli na kubeba abiria, kisha nikarudi kwa matofali, kwa sababu abiria hubishana na tofali halibishani. Nikanunua shamba la kwanza, nikaoa, nikanunua la pili. Nyumba nyingi unazopita ukitoka barabara ya lami kuja kwangu zimejengwa kwa matofali yangu, hata za wale wanaoniita mzee wa darasa la tatu. Wanalala ndani ya jasho langu wakinicheka.

Basi miaka hii ya karibuni chemchemi ikaanza kukonda. Ule mkono wa mwanamume ukawa mkono wa mtoto, kisha ukawa kidole. Kina mama walikuwa wanafika alfajiri, wanapanga mitungi foleni kama wagonjwa wa kliniki, na mwenye mtungi wa mwisho anajaza jua likiwa utosini. Mke wangu, ambaye magoti yake yalistaafu kabla yake, aliniita jikoni.

"Baba watoto, mwanao wa Likuyani ana kisima karibu na mlango."

"Najua. Si mimi nilimwonyesha mahali pa kuchimba?"

"Basi maji ya hapa yakiisha, mimi ninahamia huko."

"Na mimi nitapikiwa obusuma na nani?"

"Kwani huo ugali utaupika na nini? Mate?"

Hakuwa anatania. Nimekaa na mwanamke huyo miaka mingi na najua tofauti ya kelele yake na uamuzi wake. Kelele ina maneno mengi. Kwa hiyo upande wangu jambo lilikuwa wazi: chemchemi ikifa, mimi ni mgane ambaye mke wake yu hai.

Sababu ya maji kupungua tuliijua wote. Ilikuwa imesimama pale juu ikitikisa majani. Jirani yangu wa upande wa juu, ambaye mpaka wake unafika hadi kwenye jicho la chemchemi, alikuwa karani wa mizani ya miwa. Alipostaafu alipanda mikaratusi kuteremka mpaka karibu na yale mawe mawili. Nikamwendea.

"Jirani, miti yako inakunywa maji ya watu."

"Inakunywa kwangu. Mizizi iko kwa shamba yangu."

"Na midomo?"

"Mzee wa matofali, hizo ni posti za kubebea nyaya za stima, na ndizo pensheni yangu. Ukitaka nikate, lete fidia."

Fidia! Neno hilo ndilo lililonipeleka kwa wafadhili.

Afisa mmoja alitwambia pesa za mazingira zimejaa duniani kama nyuki waliohama mzinga, zinatafuta tu mti wa kutua. Tuunde kikundi, tufungue akaunti, tuandike katiba. Tukaunda. Mimi nikawa mwenyekiti. Mama muuza nyanya aliyemaliza kidato cha nne akawa katibu. Mzee wa kanisa, mtu ambaye hajawahi kupoteza hata sindano, akawa mweka hazina. Tukaambiwa lazima kikundi kiwe na vijana. Kijana wetu wa mwisho alikuwa na wajukuu. Tukaambiwa basi, tuhudhurie semina.

Ngoja niseme kidogo juu ya semina. Mazingira yetu yanatunzwa hotelini. Sijawahi kuona semina ya chemchemi iliyofanywa karibu na chemchemi. Unakaa kwenye kiti kilichovishwa kitambaa kama bibi harusi, unapewa maji ya chupa ya plastiki ili uzungumzie ubaya wa plastiki, halafu unapewa kalamu. Nina kalamu kuliko daktari. Huko nilijifunza kwamba sisi ni wadau. Mwanzoni nilidhani ni ukoo, nikamwuliza aliyekaa kando yangu hao Wadau ni watu wa upande gani. Akaniambia hata yeye anawasikianga tu. Nilijifunza pia kwamba tunajengewa uwezo. Mimi najua kujenga. Ukinijengea kitu kutoka asubuhi hadi saa ya chai, nataka nione walau msingi. Huo uwezo nimejengewa katika hoteli nyingi, na mpaka leo sijui mlango wake uko upande gani.

Katibu akaandika maombi kwa Kiingereza chake cha kidato cha nne. Majibu yalikuja na adabu kubwa. Sijawahi kukataliwa kwa upole namna ile, hata nilipokuwa naposa. Mmoja alisema mradi wetu hauna ubunifu. Nikauliza, chemchemi ibuniwe vipi, maji yapande juu? Mwingine alisema eneo letu bado haliko hatarini vya kutosha, turudi hali ikizidi kuwa mbaya. Mke wangu aliposomewa hilo akaenda kutazama sanduku lake kama kufuli linafunga.

Halafu likatokea shirika moja, ambalo jina lake nitaliacha mfukoni. Hilo lilisema: andikeni kwa Kiswahili, kwa maneno yenu wenyewe, sisi tunathamini sauti ya jamii. Nikasema sauti ninayo. Tukakaa nyuma ya kibanda cha nyanya cha katibu, mimi nikisema na yeye akiandika, na sauti ya jamii ikatoka hivi:

"Sisi watu wa hapa tunaomba msaada kwa ajili ya mahari ya chemchemi. Wazee wetu waliheshimu sana mahari ya chemchemi, hakuna mtu aliruhusiwa kuichezea. Siku hizi mahari imesahauliwa, na ndiyo maana maji imekasirika inaenda. Tukipata pesa, jambo la kwanza ni mahari."

Mtu wa Pwani angesema mahali pa chemchemi. Sisi huku tunasema mahali ya chemchemi, na hiyo L ikipita kwenye meno yetu inatoka ikiwa R. Katibu ni wa hapa hapa. Aliandika alichosikia, akanisomea, na masikio yangu hayakuona kosa. Kumbe mahali ni pale mtu anaposimama, na mahari ni ng'ombe unaompelekea baba wa msichana. Tukatuma.

Jibu lilikuja upesi hata tukaogopa. Binti mmoja alinipigia simu kutoka Nairobi, sauti yake inatetemeka kwa furaha.

"Mzee, ombi lenu limetugusa sana. Hatujawahi kuona kitu kama hiki."

"Chemchemi?"

"Mahari!"

"Eeh, mahari yetu ilikuwa nzuri. Ni vile tu imeharibika."

"Usijali, mzee. Tunakuja tuirejeshe."

Nilikata simu nikamwambia mke wangu arudishe sanduku chini ya kitanda.

Walikuja, binti mwenyewe na mpiga picha mmoja. Tuliwachinjia ingokho, kuku wa heshima. Mpiga picha akachukua firigisi, ambayo katika boma langu haijawahi kuliwa na mtu mwingine, nikameza mate nikajiambia leo mfadhili ni mimi. Tukashuka kwenye chemchemi, kijiji kizima nyuma yetu. Hata jirani yangu wa mikaratusi aliteremka na mke wake, maana kamera haina adui.

"Sasa, mzee," binti akasema, "tuonyeshe mahari."

Nikapiga mguu chini. "Si ndiyo hii umesimamia."

Akaruka kando kama mtu aliyekanyaga kaburi. Mpiga picha akapiga picha ya matope.

"Na ni ng'ombe wangapi mlikuwa mnatoa?"

"Sisi tunatoanga wote. Ng'ombe akionekana hapa, anatolewa mbio."

"Wote? Kwa chemchemi moja?"

"Binti yangu, ng'ombe akiachwa hapa anakojolea mahari. Wewe utakunywa?"

Alianza kuandika, akaacha, akanitazama. Katibu wangu alikuwa amejishika mdomo. Akanivuta shati akaninong'oneza, "Mwenyekiti, hawa watu wanatafuta ng'ombe wa ndoa."

Nilihitaji muda kidogo kuelewa, na nilipoelewa sikuzunguka. Nikamwambia binti mbele ya watu wote kwamba hakuna mtu aliyewahi kuoa chemchemi Kakamega nzima, kwamba sisi tulitaka saruji na fidia ya miti, na kosa lilikuwa la meno. Nilitegemea acheke. Akakaa juu ya jiwe na buti zake mpya.

"Mzee, tafadhali usiseme hivyo."

"Ni ukweli."

"Ripoti ya kwanza imeshaenda Ulaya. Wakubwa wangu wamependa mahari. Hiyo ndiyo imewapitisha. Saruji kila mtu anaomba."

"Kwa hivyo hakuna pesa za ukweli?"

"Ziko kwa fungu lingine," akasema, "na hilo fungu limefungwa."

Nilimwonea huruma. Mtoto wa watu, amesoma mpaka mwisho, na sasa mkate wake unategemea mzee wa darasa la tatu aseme uongo vizuri.

Mweka hazina akakohoa. "Si tuseme tu desturi ilikuwepo? Babu zetu wamekufa. Nani ataenda kuwauliza?"

"Wewe ni mzee wa kanisa!" katibu akamwambia.

"Ndiyo, lakini pia ni mweka hazina."

"Mimi sitajisifia ng'ombe ambaye sikumtoa," nikasema, na kwa upande wangu mambo yalikuwa yameishia hapo. Nilikuwa nishaanza kuliona lile sanduku likipakiwa kwenye pikipiki.

Ndipo jirani yangu akacheka. Ana kicheko cha mizani, kinapanda juu halafu kinasimama. "Hata mkitaka kudanganya, hiyo mahari mngempelekea nani? Jicho la chemchemi liko kwangu. Baba wa msichana ni mimi! Na huyu mzee wa matofali atoe wapi ng'ombe wa kunitosha? Labda anipangie matofali kwenye ua."

Watu wakacheka. Mpiga picha naye akacheka, firigisi yangu ikiwa tumboni mwake.

Wengine husema siku ile niliongozwa na hekima. Hapana. Sikufikiria chemchemi wala mfadhili. Nilifikiria kile kicheko. Nilipanda mpaka zizini, nikafungua kamba ya mtamba wangu mweusi mwenye paji jeupe, yule niliyekuwa nikimsalimia kabla ya kumsalimia mtu yeyote asubuhi, nikashuka naye mbele ya watu wote, nikamwekea jirani kamba mkononi.

"Haya, baba wa msichana. Mahari hii hapa."

 Baba wa msichana hahitaji kufundishwa kazi yake. Alimzunguka ng'ombe, akainama, akakunja uso kama kawaida ya watu wanaopokea.

"Huyu pembe moja inaangalia Uganda."

"Na ile nyingine inakuangalia wewe. Pokea."

"Na blanketi ya mama wa msichana?" mke wake akadakia kutoka nyuma. "Nilizaa bure?"

Watu wakalipuka. Mke wangu akavua shuka aliyokuwa amejifunga mabegani, akachechemea na magoti yake mpaka kwa yule mama, akamfunika. Kina mama wakapiga vigelegele, wengine wakaanza wimbo wa kupeleka bibi harusi. Mweka hazina, ambaye akiona zaidi ya watu watano wamesimama pamoja lazima aombe, akavua kofia akaomba. Sote tukasema amina, na jirani naye akasema amina akiwa ameshika kamba. Binti wa Nairobi alikuwa analia. Sijui kama ni kwa furaha au ni kwa sababu ripoti yake ilikuwa imeokoka.

Nilidhani tumemaliza mchezo. Mke wangu hakuwa anacheza.

"Baba wa msichana," akaita, "sasa umepokea. Huyu msichana ni wa nani?"

"Ni wenu," jirani akasema, tayari anamvuta ng'ombe.

"Na baba mkwe, kwa desturi yetu, anaweza kuingia jikoni kwa binti yake aliyeolewa, akafunua sufuria mwenyewe, akanywa mchuzi?"

"Wewe! Hiyo ni aibu gani unanitajia mbele ya watu?"

"Basi mikaratusi yako iko jikoni."

Jirani akatazama miti. Akatazama ng'ombe. Maisha yake yote alikuwa amesimama kando ya mizani akipima vya watu, na leo kijiji kizima kilikuwa kinasoma mshale wake. Angeweza kunirudishia kamba. Lakini kurudisha mahari mbele ya watu ni kutangaza kwamba binti yako ana kasoro, na binti mwenyewe ni maji ambayo hata yeye anakunywa. Na zaidi ya hayo, mkewe alikuwa ameshajifunga ile shuka na hakuonekana mtu wa kuivua.

"Nikate yote?" akauliza, sauti imekwenda chini.

"Kata iliyo jikoni," mke wangu akamjibu. "Ya sebuleni tutazungumza."

Aliikata. Neno fidia halikutoka tena mdomoni mwake, maana fidia ilikuwa zizini kwake inacheua.

Pesa za mfadhili tulizisubiri mpaka mahindi yakavunwa. Kisha binti akapiga simu, safari hii kwa sauti ndogo.

"Mzee, wakubwa wameipenda sana ile filamu aliyochukua mpiga picha wetu. Wameionyesha kwa mkutano."

"Na pesa?"

"Kuna changamoto kidogo. Sera yetu hairuhusu kugharamia ng'ombe."

"Kwa nini?"

"Ng'ombe akicheua anatoa hewa inayoharibu tabianchi."

Nilikaa chini kwanza. "Binti yangu, mlipenda mahari. Mahari ya huku ni ng'ombe. Mlifikiri tunaoa na nini? Kuku?"

"Kuku wangepita, mzee."

Walituletea fulana, cheti kimoja, na bango. Bango ni kubwa kuliko chemchemi yenyewe, na linasema chemchemi hii imefufuliwa kwa msaada wao. Sikuling'oa. Nguzo zake ni imara na kina mama wanaanikia nguo hapo.

Ukuta tulijenga sisi. Baba mkwe aliuza posti zake, na bila kuombwa akaleta saruji, kwa sababu alisema hawezi kuacha binti yake akae kwenye nyumba ya matope. Mimi nilirudi kufyatua matofali katika umri ambao wenzangu wanafyatua usingizi, nikayachoma kwa matawi ya ile ile mikaratusi. Pale ilipokuwa tumepanda mikuyu. Tulizungushia ua, na ng'ombe haingii, hata yule mweusi, ambaye sasa anapita huko juu akiwa na ndama na haniangalii.

Maji hayajarudi kuwa mkono wa mwanamume. Ni mkono wa mtoto, lakini haukatiki, na foleni ya mitungi inaisha kabla ya chai.

Nilivyo navyo leo ni hivi.

Mashamba mawili, moja la miwa na moja la mahindi, yote yana hati.

Nyumba ya vyumba vinne, ya matofali yangu.

Tanuri moja la matofali, bado linawaka.

Ng'ombe wawili. Ungesoma watatu kama si ile siku.

Baiskeli moja, ile ya kwanza, imening'inia ukutani.

Fulana za mazingira, zote zinanibana tumbo.

Kalamu, kopo zima.

Baba mkwe mmoja upande wa juu, ambaye mimi namzidi umri. Hatugombani tena, maana wakwe hawagombani. Tukikutana njiani kila mtu anapisha upande wake na kuulizia afya.

Chemchemi siihesabu. Ng'ombe alikuwa wangu, lakini kwetu mke huolewa na ukoo.

Mke mmoja, hapa hapa, si Likuyani.

Na sanduku lake, ambalo sasa tunawekea mbegu.